Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Gisenyi, 10 Machi 1957

Kaka Rajabu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mvua ni kubwa mwaka huu na barabara ya Kanama imekatika mahali pawili, kwa hiyo viazi haviteremki. Saidati mkeo ameanza kushona nguo za Idi za watu wa mtaa. Binti yenu Zamda ametimiza miaka miwili, anasema kila kitu isipokuwa jina lake. Mimi bado navuka mpaka kwa miguu kila siku kwenda shule ya serikali ya Goma. Muhula uliopita nilikuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni mtoto wa karani wa posta, naye ana kamusi yake mwenyewe.

Kaka, barua yako ya mwisho ilifika Oktoba. Sikuandikii kukulaumu. Dereva mmoja wa lori amekuja kutoka Bukavu na gazeti la huko kwenu Elisabethville, la mwezi wa kwanza. Limeandika kwamba golikipa Sumaku, ndivyo wanavyokuita kwa sababu mpira unanasa mikononi mwako, ni mchumba wa binti wa mwenyekiti wa mashabiki, lakini kuna mtu wa Gisenyi anayesema Sumaku ana mke na mtoto nyumbani. Mwisho limeandika: "Sumaku alipoulizwa, alicheka."

Nililisoma uani, kwa sababu dereva alikuwa amekaa pale akisubiri kusikia. Mama aliniuliza, "Alicheka namna gani?" Nikamwambia gazeti halielezi. Saidati alikuwa kwenye cherehani. Cherehani haikusimama.

Tafadhali tuandikie. Hata mistari mitano.

Mdogo wako,
Yasini Mugabo


Elisabethville, 4 Aprili 1957

Mdogo wangu Yasini,

Nakusalimu, na nakupongeza kwa masomo. Msalimie Mama. Nimepata dawa ya kuchua kwa ajili ya goti lake, nitamtumia nikipata msafiri. Hapa ni baridi kidogo asubuhi. Tumeshinda mechi nne na kutoka sare moja.

Barua hii imepigwa kwa mashine katika ofisi ya klabu, usishangae. Katibu wetu ni mtu mwenye elimu, ndiye anayenisaidia katika mambo haya. Yasini, wewe umesoma, utanielewa. Nilipofika hapa waliniuliza kama nina mke. Waseja walikuwa wanapewa chumba karibu na uwanja na wenye wake walipelekwa mbali kwenye kambi ya wafanyakazi. Nikasema sina. Lilikuwa neno dogo, na sasa limekuwa kubwa. Watu wanasimama nyuma ya goli langu na kuimba, "Sumaku, mama Zamda iko wapi?" Hata jina wamelijua. Wiki iliyopita niliachia bao ambalo wewe ungelidaka.

Oktoba klabu inakwenda Ubelgiji kucheza mechi sita. Hawatampeleka mtu mwenye maneno. Katibu anasema jambo la namna hii linakanushwa mara moja, kwa maneno machache, halafu mtu ananyamaza. Watu husahau baada ya mechi tatu. Anataka barua ya Mama. Wewe uiandike kwa mwandiko wako mzuri, Mama aweke kidole. Iseme kwamba Saidati ni binti yake, dada yangu, na mtoto ni wa mume wake aliyesafiri. Ni karatasi tu. Nikirudi kutoka Ulaya nitayanyoosha yote.

Sehemu hii usiwasomee wengine. Mweleze Mama peke yake.

Kaka yako,
Rajabu


Gisenyi, 3 Mei 1957

Kaka Rajabu,

Idi njema. Juzi tulimaliza mwezi wa kufunga, tuliswali uwanjani kwa sababu msikiti haukutosha. Mama alipika pilau na akaweka sahani yako kama kila mwaka, Zamda akaila. Viazi vimeanza kuteremka tena.

Unajua barua nyumbani kwetu husomwa uani, mbele ya watu wote. Nilipofika kwenye ile sehemu nikairuka, nikaenda moja kwa moja kwenye jina lako. Mama akaniangalia. "Karatasi iko mbili," akasema, "we umesoma moja." Mimi siwezi kumdanganya Mama akiniangalia hivyo, masikio yangu yanawaka moto. Nikarudi nyuma nikasoma yote.

Mama alicheka kwanza. "Mi nilizaa mara mbili, mwanaume na mwanaume. Huyu wa tatu alitokea wapi? Tumbo ni yangu, mi ndiyo najua hesabu yake." Halafu hakucheka tena. Akaniambia, "Andika hivi: kidole yangu haiendi pale."

Kwa hiyo barua hiyo haitakuja. Nisamehe. Mimi pia nisingeweza kuiandika. Nilijaribu mstari mmoja kwenye daftari la hesabu nikaukata.

Kesho yake nilikuwa namkunjulia Saidati kitambaa, akaniuliza, "Bon, sawa. Kama mi ni dada yake, basi wewe Yasini ni nani yangu?" Kitambaa kikanishuka mkononi. Akasema, "Shika vizuri, unaburuza chini."

Mama hapendi uone kama tumekukasirikia. Ndani ya bahasha kuna picha yetu ya Idi. Mpiga picha wa Goma alikuja mtaani kama kila mwaka, na Mama alisema, "Barua nimemnyima, picha simnyimi." Saidati alishona nguo za wanawake wote watatu kwa kitambaa kimoja. Zamda amekaa kwenye goti lake, pembeni, kwa sababu alikataa kukaa katikati. Nyuma ya picha nimeandika majina kwa mpangilio ili umjue mtoto wako: Zamda, Saidati, Mama, Yasini.

Mimi ndiye niliyefumba macho.

Yasini


Elisabethville, 29 Mei 1957

Mdogo wangu,

Picha imefika. Mama amezeeka kidogo lakini amependeza. Natuma dawa ya goti kwa mkono wa msafiri anayepita Bukavu. Asichue mbele ya moto.

Mambo hapa yametulia. Picha ilisaidia. Usiniulize zaidi, nina mazoezi mara mbili kwa siku na nimechoka.

Soma kwa bidii.

Rajabu


Gisenyi, 7 Julai 1957

Kaka Rajabu,

Natumaini u mzima. Dawa ilifika, Mama anachua goti na anasema inanuka kama gari. Mvua imekwisha, vumbi limeanza. Nimekuwa wa kwanza darasani mwisho wa mwaka, lakini sikufurahi nilivyofikiri ningefurahi. Utaelewa.

Yule dereva wa lori alirudi na gazeti lingine. Hakulileta nyumbani. Aliliuza kwa wavulana wa Goma, nami nililiona shuleni mikononi mwa mwanafunzi mwenzangu, Munyaneza. Alipanda juu ya benchi. "Ee, ndugu ya Sumaku! Njoo uone, we uko maarufu! Mbona umelala?" Kila mtu alicheka. Ilikuwa picha yetu, na mimi nimefumba macho.

Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote. Chini yake imeandikwa: "Mama mzazi wa Sumaku pamoja na watoto wake wengine wawili, Gisenyi." Halafu maneno yako: "Huyo ni dada yangu. Ni wa tumbo moja nami. Nasikitika watu wanamchafulia jina." Pembeni kuna picha nyingine, unawagawia machungwa watoto wagonjwa hospitalini. Mtoto wa kwanza kwenye mstari ni wa umri wa Zamda.

Kaka, Zamda hayumo. Picha imekatwa kwenye kiwiko cha Saidati. Lakini aliyekata hakuangalia vizuri, kwa sababu Zamda alikuwa ameshika mkono wa nguo ya mama yake, na ule mkono wake mdogo umebaki. Uko pale kwenye gazeti, vidole vinne, umeshika kitambaa, na hauna mwenyewe.

Mimi ndiye niliyeandika majina nyuma ya picha. Mwenye mkasi alimjua mtoto kwa mwandiko wangu.

Nilitaka kulificha gazeti, lakini habari ilifika soko la Mahoko kabla yangu. Siku ya soko Saidati alikwenda kuuza magauni, nikamsindikiza. Nyiraneza, yule muuza dagaa wa sambaza, alisimama katikati ya wateja wake. "We dada ya Sumaku! Umekuwa mukubwa sasa! Na bwana yako iko wapi?"

Saidati akajibu, "Iko kwenye gazeti. We unajua kusoma?"

Watu walicheka upande wake. Aliuza magauni yote. Njiani tulipofika mteremko alikaa chini kwenye nyasi na akaniambia, "Sasa nisomee." Nikamsomea. Aliweka kidole juu ya ule mkono, akasema, "Tuende kwa Mwalimu."

Unamkumbuka Mwalimu Twaha wa msikitini, ndiye aliyewafungisha ndoa. Saidati alitoa gazeti kwenye kanga akaliweka mbele yake. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniambia nisome polepole. Nilikuwa nagugumiza kama kawaida yangu mbele ya wakubwa. Nilipomaliza alilikunja gazeti.

"Hili si jambo la mpira," akasema. "Mume akisema mke wake kwake ni kama mama yake au dada yake, na akakusudia hivyo, hiyo inaitwa dhihari. Amejiharamishia. Hamkaribii tena mpaka afunge miezi miwili mfululizo, na akikosa siku moja anaanza upya."

Saidati akauliza, "Na kama alidanganya tu, Mwalimu?"

"Basi ni uongo, ana dhambi ya uongo, na wewe ni mke wake kama jana."

"Mi nitajuaje?"

"Nia iko ndani ya mtu, binti yangu. Mimi siwezi kuisoma kwenye gazeti. Aulizwe. Asipojibu mpaka mvua za mwisho wa mwaka, njoo, tutazungumza habari ya kukuachisha."

Tulipofika nyumbani Saidati alinipa karatasi. "Andika swali moja. Usiongeze kitu." Swali lake ni hili:

Ulikusudia nini?

Yasini


Gisenyi, 25 Agosti 1957

Kaka,

Tuko wazima. Vumbi ni jingi. Mama anakusalimu, goti limepungua.

Barua yangu ya Julai nimeiulizia posta mara tatu. Karani anasema haikurudi, kwa hiyo ilifika. Baba yake Saidati amekuja kutoka Mahoko. Alikaa, alikunywa chai, hakusema alilokuja kusema, akaondoka. Amesema atarudi.

Saidati haniulizi kama kuna barua. Lakini nikitoka posta huwa namkuta mlangoni na ufagio, na uani pamekwisha kufagiliwa.

Yasini


Elisabethville, 30 Septemba 1957

Mdogo wangu Yasini,

Mnisamehe wote. Nimeandika mwenyewe na mwandiko wangu ni mbaya, usome polepole. Soma uani, yote, usiruke.

Barua yako ya Julai ilinifikia mwanzoni mwa Agosti. Nilimpelekea katibu. Alicheka kwa upole, akasema, "Mwandikie kwamba ulidanganya, imekwisha. Ni neno moja." Nilikaa na kalamu siku mbili. Ingekuwa rahisi. Lakini swali halikuwa nilisema nini, ni nilikusudia nini.

Siku ile mwandishi wa gazeti alisimama mbele yangu baada ya mechi. Tulikuwa tumeshinda. Watu walikuwa wamenibeba. Aliuliza, "Huyu mwanamke ni nani?" Na mimi, nilipofungua mdomo, nilitamani iwe kweli. Kwa pumzi moja nilitaka nisiwe na mke wala mtoto wala nyumbani. Halafu ikapita. Lakini maneno yalitoka katika ile pumzi. Kwa hiyo siwezi kumwambia Saidati kwamba nilidanganya tu. Huo ungekuwa uongo wa pili.

Nikaanza kufunga tarehe tano Agosti. Katibu aliposikia alishika kichwa. Aliuliza kama hakuna njia nyingine, nikamwambia asiyeweza kufunga huwalisha maskini sitini. Akafurahi sana. "Basi tuwalishe! Jumapili, uwanjani! Nitaita mpiga picha." Nikamwambia hiyo ni ya asiyeweza. Mimi naweza, ni mpira usioweza.

Yasini, niandike ukweli wote. Siku ya kumi na saba tulikuwa na mechi kubwa, jua kali. Kipindi cha pili kichwa kilizunguka, niliona mipira miwili. Mtu alinipa chupa nikanywa. Hakuna aliyejua. Ningeweza kuendelea kuhesabu kumi na nane, kumi na tisa, nani angeniuliza? Nilikaa siku kumi bila kufunga wala kuwaandikia kwa sababu hiyo, sikujua nifanye nini. Tarehe moja Septemba nilianza upya. Leo ni siku ya thelathini.

Sasa sichezi. Kijana mwingine anakaa golini. Gazeti limeandika kwamba nimeumia kidole. Sijaumia. Katibu aliona ni vizuri kusema hivyo, na watu wamenitumia salamu za pole. Timu itaondoka kwenda Ubelgiji wiki ijayo bila mimi. Ule uchumba umevunjika tangu Juni, baba wa yule binti alitaka mtu mwenye habari chache.

Nilikwenda mwenyewe kwa yule mwandishi. Nikamwambia, "Andika. Nina mke Gisenyi, anaitwa Saidati. Nina binti, anaitwa Zamda. Mlimkata kwenye picha." Alisikiliza, alikuwa na adabu. Halafu akafunga daftari. "Sumaku," akasema, "hiyo ilikuwa habari mwezi wa tano. Sasa hakuna anayeuliza." Nilimsihi. Akaniambia nirudi nikipona kidole.

Nilifanya yale yote ili watu wasahau, na wamesahau kweli. Sina pa kulirudisha lile neno. Mwambie Saidati sikatai swali lake. Hilo ndilo jibu langu, na si zuri.

Rajabu


Gisenyi, 27 Oktoba 1957

Kaka Rajabu,

Barua yako ilifika Jumatano. Sisi ni wazima. Mvua zimerudi na barabara ya Kanama imekatika tena, mahali pamoja tu mpaka sasa. Nimeanza mwaka wa nne.

Nilisoma uani, yote. Baba yake Saidati alikuwepo. Alikuwa amerudi, na safari hii alikuwa amekwisha kusema: anamtaka binti yake na mjukuu wake nyumbani kwake Mahoko. Saidati alikuwa amefunga nguo za Zamda kwenye kitambaa. Nilipofika pale uliposema ulitamani iwe kweli, nilishusha karatasi. Mama alisema, "Endelea." Nikaendelea. Nilipofika kwenye chupa ya maji, yule mzee alisema, "Huyu mtu ni mupumbavu. Nani angejua?"

Nilipomaliza, Saidati aliniambia nirudie ile sehemu ya pumzi moja. Nikairudia. Akaniambia niirudie tena. Kaka, mimi nilidhani inamuumiza, nilitaka kuacha. Akasema, "Soma, Yasini. Ni mara ya kwanza anasema na mimi tangu aondoke."

Mwalimu Twaha amesoma barua pia. Alihesabu kwa vidole na kwa tasbihi. Amesema ukianza tarehe moja Septemba na usikose, miezi yako miwili inatimia siku tatu kuanzia leo. Amesema pia kwamba wewe ndiwe unayejua, yeye anahesabu tu.

Baba yake Saidati aliuliza, "Donc, sasa? Unabaki ama unakuja?" Saidati alimjibu kwa heshima, lakini hakuinuka. Hajasema amekusamehe. Nilimuuliza niandike nini. Alifikiri sana, nami naandika maneno yake kama alivyoyasema, sikunyoosha kitu:

"Mwambie nimesikia. Kama gazeti yake haitaki, mi niko na yangu. Soko ya Mahoko inasomwa na watu wote, hata wenye hawajui kusoma. Aje siku ya soko, saa sita, watu wakiwa wengi. Ambebe mutoto yake mukononi, tupite mbele ya Nyiraneza, mbele ya wote, toka mwanzo mpaka mwisho. Polepole. Anitaje jina langu kwa sauti. Watamutukana, na mi sitamusaidia. Kisha tutarudi nyumbani, na kule ndiyo nitajua kama niko na bwana. Kwa barua sijui."

Baba yake amekubali kungoja mpaka mwisho wa Novemba. Nguo za Zamda bado zimefungwa, zimewekwa juu ya kabati.

Kaka, mimi nimechoka kuwa mdomo wa kila mtu. Nilipenda sana kuandika, lakini mwaka huu kila neno nililoandika limeshikwa na mtu likafanywa kitu kingine. Nimeahidi Mama kwamba hii ndiyo ya mwisho kutoka nyumba hii. Boti kutoka Bukavu inafika Goma Jumanne na Ijumaa. Nitakuwa gatini kila safari, na Zamda nitakuja naye ili akuzoee njiani.

Usijibu barua hii.

Yasini